Mashine Tatu za Bashir na Sauti ya Warsame

Jumatatu, 3 Juni 1996

Mashine yangu ya santuri imekufa tangu Jumamosi. Ilifia barabara ya Modogashe, ndani ya lori, chini ya magunia ya sukari. Binamu yangu Abdi aliiazima kwa harusi ya shemeji yake, akaapa atarudi nayo mapajani. Imerudi mkono umevunjika, sindano haipo, mota inanuka. Abdi anasema ni mapenzi ya Mungu. Magunia aliyapanga yeye.

Leo nimenakili kaseti kwa kaseti tu. Sauti imechujuka na wateja wanajua.

Na ndiyo wiki Edo Faduma, edo yaani shangazi, kwa heshima tu, amefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kwa kibali cha matibabu ya macho. Amekuja na santuri saba kwenye sanduku la bati, zimeviringishwa ndani ya kanga. Ni sauti ya marehemu mumewe, Warsame, aliyeimba Mogadishu kabla ya vita. Hajaisikia tangu akimbie. Nyimbo hizo hazimo kwenye kaseti yoyote, na mimi kaseti za Garissa nazijua. Kuna mtu wa Eastleigh, Nairobi, anataka kuzinunua aondoke nazo. Edo amesema akimsikia mumewe sawasawa dukani kwangu, santuri zinabaki kwangu, nazitoa kwa kaseti, mapato tunagawana nusu kwa nusu. Asiposikia, basi. Jumamosi asubuhi anarudi kambini.

Nina hasira. Lakini nafasi ninayo. Duka hili nililitoa kwenye kwato za mbuzi wa watu wengine, nikiwa dalali. Sikupewa na mtu.

Jumanne, 4 Juni

Bashir, muuza vyombo vya umeme karibu na msikiti, ana mashine tatu mpya. Zote za bei ya katikati. Nimezikalia asubuhi nzima.

Ya kwanza elfu tisa. Ina redio, ina kaseti, ina taa nyekundu. Sindano inakandamiza na hakuna pa kuipunguzia uzito. Ingezilima santuri za Edo kama jembe. Hapana.

Ya pili elfu kumi na moja. Plastiki nyeusi, haina pambo. Uzito wa sindano unarekebishwa nyuma ya mkono, vizuri. Ila nyepesi mno. Nimeiinua kwa mkono mmoja.

Ya tatu elfu kumi na nne. Ubavu wa mbao. Sindano inarekebishwa vilevile. Nimehema kuinyanyua.

Nikaichagua hii ya tatu kwa njia ya sokoni. Nyanyua, papasa mgongo, kizito ndicho chenye nyama. Bashir naye alianzia mnada wa mifugo, kwa hiyo hatukupayuka. Tulifunika mikono kwa shali yake tukapatana kwa vidole. Nimemshusha elfu moja. Mikono ikaachiana, biashara imekwisha.

Nimeibeba hadi dukani mwenyewe. Abdi alitaka kusaidia. Nilimwangalia tu.

Jumatano, 5 Juni

Mchana kutwa sauti tamu. Edo alichelewa hospitali, akafika jua linazama. Nikaweka santuri ya kwanza. Mji ukawasha taa, jenereta ya umeme wa mji ikaanza kukohoa, na Warsame akashuka. Sauti ikawa nene, ikaburuta miguu.

Edo alisikiliza ubeti mmoja.

“Huyu si Warsame,” alisema. “Huyu ni mgonjwa anayemwigiza.”

Akaviringisha santuri zake. Mlangoni akasema, kwa upole, kwamba yule wa Eastleigh ameshafika mjini.

Aibu. Sikula.

Alhamisi, 6 Juni

Jana Edo alipoondoka nilibandika karatasi kwenye sahani ya mashine, nikahesabu kwa saa ya mkononi. Dakika tatu, mizunguko tisini na tatu. Inatakiwa mia. Leo asubuhi, taa za mji zimezimwa, mia kamili. Mota inafuata pumzi ya jenereta. Jenereta ikichoka, nayo inachoka.

Nikafungua kitako. Kuna bamba la chuma, limekazwa kwa bolti nne. Halishiki kitu, halifanyi kazi yoyote. Lipo ili niheme. Mbuzi aliyelambishwa chumvi akajazwa maji asubuhi ya mnada. Na mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wanaonunua mbuzi hao.

Nilimpelekea Bashir mashine na bamba lake.

“Walaal, ndugu yangu, mikono ilishaachiana,” alisema Bashir.

“Iliachiana juu ya nyama, si juu ya maji.”

Akacheka. Akasema chuma si kasoro, ni nyongeza, na kwamba yeye hakusifu kitu, ni mimi niliyenyanyua. Ni kweli, na ndiyo iliyoniuma. Nikamwambia kilema kilichofichwa kinamrudisha mnyama, hata mikono ikiwa imeachiana, na sheikh wake yuko hatua chache, tumwite aziangalie bolti. Wateja wawili wakageuka. Bashir akaivuta ile nyepesi kutoka rafuni. Tofauti ya bei amenifidia kwa sindano za akiba na mkanda wa mpira wa kuzungusha sahani, maana joto letu hulegeza mpira.

“Hiyo hujaipapasa mgongo,” alinitania nikitoka.

Magharibi taa zikawaka. Nikahesabu. Mia. Nikarudia. Mia. Mota yake inapata umeme kupitia adapta, haijali jenereta inakohoa vipi. Elfu mbili chini ya nilicholipa kwa ile ya mbao, na yenyewe ndiyo mashine. Nimetuma Abdi kwa Edo. Angalau miguu yake haijavunjika. Edo atakuja kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimwambia aje magharibi, si mchana. Umeme ukiwa mbovu kabisa ndiyo nilitaka asikie.

Alikaa kwenye stuli karibu na spika. Nje taa zikawaka. Warsame hakushuka. Kabla ya kila ubeti anavuta pumzi, inasikika wazi. Mara ya tatu nikaona Edo anaivuta pamoja naye.

Wimbo ukaisha. Akaonyesha kwa kidole niirudishe mwanzo. Nikairudisha.

Baadaye akauliza kama jina la mumewe litaandikwa kwenye jalada la kaseti, lake na la baba yake na la babu yake. Nikamwambia yote matatu, kwa herufi kubwa. Akauliza rangi gani. Nikamwambia achague. Mkono wake ukabaki juu ya sanduku, halijafungwa wala halijasogezwa kwangu.

Yule wa Eastleigh anamfuata kesho asubuhi kabla basi halijaondoka. Sikumbembeleza Edo. Nilizima mashine, nikashusha kifuniko.

“Edo, basi lako ni saa mbili. Nipe neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya saa moja.”