Siku Kemunto Aliponitawadha Miguu

Kwamboka mjukuu wangu,

Huku Ikonge hatujambo. Ng'ombe amezaa, chai inachumwa, na babu yako bado nambwaga kwa hoja kila siku.

Unauliza: kama Mungu amekusamehe, kwa nini umwendee rafiki uliyemtukana? Hoja hiyo niliishikilia nikiwa msichana. Nilikuwa nimeitangazia kwaya nzima kwamba Kemunto anaimba kama jogoo mgonjwa. Nikatubu kwa Mungu chumbani, nikamkwepa Kemunto.

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Kabla ya kula mkate, wanawake hutawadhana miguu wawili wawili. Nilikuwa namtafuta mama mmoja mzee, Kemunto akanifikia na beseni, akapiga magoti. Nikaanza kujitetea kwa aya za Biblia.

"Dada, leta miguu kwanza," akasema. "Huo mdomo utahitaji beseni lake."

Nikacheka mpaka nikalia. "Nisamehe, Kemunto."

"Nilishakusamehe. Ulikuwa wapi?"

Mungu alinisamehe kule chumbani, hilo silibishi. Lakini utamu wa msamaha wake niliuonja pale, miguu ikiwa majini. Nenda kwa rafiki yako. Ukipata hoja nzuri ya kutokwenda, niletee niivunje.

Nyanya yako