Kukuna Nyusi Mezani

Rotterdam, 9 Februari 1994

Baba mpendwa,

Natumaini hamjambo wewe na Mama, na goti lako limetulia. Mimi mzima, ila nina jambo la aibu.

Hapa karakana ya meno ya bandia, tukikaa kula mkate wa mchana, sithubutu kusali kama nyumbani. Nafunika macho kwa vidole, nakuna nyusi kama mtu aliyechoka, na papo hapo nasali harakaharaka. Sasa Ankie, yule mama ninayefanya naye kazi meza moja, tangu Novemba anaamini naumwa kichwa. Kila mchana ananiwekea kidonge kando ya mkate. "Meza, mwanangu, usijifanye shujaa." Nashukuru, nakitia mfukoni.

Ankie ndiye rafiki pekee niliyempata mji huu. Ila ukimtajia kanisa anacheka mpaka anashika mbavu. Anasema watu wa dini ni wanafiki watupu. Nikimwambia sasa kwamba siumwi, si nitakuwa nimempa ushahidi? Nitampoteza, Baba. Nifanyeje?

Binti yako,
Wietske

Nyumbani, Friesland, 17 Februari 1994

Binti yangu,

Sisi wazima. Goti linauma mvua ikinyesha, na hapa inanyesha kila siku. Mama yako aliposoma barua yako alicheka akamwaga kahawa. Mimi mzee wa kanisa, nilicheka kidogo tu.

Danieli alisali madirisha wazi, wakamtupa kwa simba. Wewe simba wako anakuletea dawa, na bado unamwogopa! Mwambie. Kesho, siyo wiki ijayo. Sisi hatukukulea kujificha.

Baba yako

Rotterdam, 21 Machi 1994

Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi mzima wa afya, na sasa hata hospitali wanajua.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikufanya ulivyoniambia. Kila siku nilisema kesho. Mwishowe Ankie akaenda kwa bosi, akanitafutia daktari wa kichwa, akaomba ruhusa kazini anisindikize. Tulikuwa tumeshakaa kwenye benchi tunasubiri kuitwa, amenishikia koti, ndipo nikasema.

"Ankie, mimi siumwi. Huwa nasali."

"Unafanya nini?"

"Nasali. Kabla ya kula. Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka, ndiyo! Wiki moja, halafu ningezoea. Miezi minne silali, nasema huyu mtoto ana uvimbe kichwani, kumbe unasali?"

Akatoka, na koti langu mkononi, mimi nyuma yake kwenye mvua. Siku mbili hakunisemesha. Nililia, Baba, sikufichi.

Siku ya tatu nikaweka mikono mezani, nikafumba macho mbele ya wote. Nilipofumbua, mkate wa Ankie ulikuwa haujaguswa.

"Umemaliza? Haya, niambie unamwambiaga nini huyo."

Nikamweleza kwa kigugumizi mpaka muda wa kula ukaisha. Hakuokoka, kwa hiyo usikimbilie kwa mchungaji. Aliuliza, nikajibu.

Sasa nami nikuulize. Jirani yetu Douwe anakula kwetu kila Jumamosi mchana tangu mkewe Hiske afe, mimi nikiwa darasa la kwanza. Siku zote ukimaliza kula unasoma Biblia mezani kabla mtu hajainuka. Jumamosi tu unangoja mpaka Douwe avae viatu vyake vya mbao aondoke. Kwa nini?

Binti yako,
Wietske

Nyumbani, 14 Mei 1994

Wietske mwanangu,

Tu wazima. Umeandika mara mbili kuuliza kama nimekasirika. Nilikasirika, ndiyo, karibu wiki tatu. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu.

Douwe ndiye aliyenikamulia ng'ombe nilipovunjika mguu. Ndiye ninayecheza naye drafti. Nilijiambia namheshimu, kwa kuwa haendi kanisani. Uongo. Niliogopa ataacha kuja.

Jumamosi iliyopita nikaifungua Biblia Douwe angali na kijiko mkononi. Nasoma mbele ya kanisa zima bila wasiwasi, lakini hapo nilipotea mstari mara mbili. Na tulikuwa tumefika kwenye yale majina ya Mambo ya Nyakati, fulani akamzaa fulani. Nikayasoma hayo hayo. Douwe akasikiliza mpaka mwisho.

"Tjeerd," akasema, "miaka kumi na saba nikitoka hapa, sijafika getini, naona dirishani umeshakifungua hicho kitabu. Nilijua mnangoja niende. Nikasema, hawa watu wanajua nani atafika kwa Mungu na nani hatafika, na mimi wameshanipima."

Nikamwambia hapana, nilikuwa naogopa.

"Na Hiske? Ulipokuja kumwona siku zile za mwisho, ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho, kwenye mfuko wa koti. Sikukitoa."

Akavaa viatu vyake, akaenda. Wiki nzima taa yake naiona, yeye simwoni.

Leo ni Jumamosi tena, saa sita kasoro. Mama yako ameweka sahani tatu na kanikataza kuchungulia dirishani. Nimechungulia. Yupo getini, amesimama na kofia yake mkononi, haingii wala harudi. Naiacha barua hapa. Sijui nitamwambia nini, mwanangu, lakini safari hii namfuata mimi.

Baba yako