Kaka, Chuo Hakikuwa Kiwanda cha Pamba

Kaka yangu,

Jana nilikusikia tena ukikohoa mlangoni pa ofisi yangu hapa Somanda, kama ulivyokuwa ukikohoa kabla ya kupiga hodi. Nikanyanyuka. Kumbe ni mteja tu. Nikamkaribisha kiti.

Unakumbuka ulivyokuja na ile barua ya kufukuzwa? Miaka yako yote ya ufundi wa maabara katika chuo cha serikali iliishia kwenye neno moja: utoro. Siku hizo za utoro tulikuwa Lagangabilili tunamzika mama. Mkuu wako alikuruhusu kwa mdomo, kisha akakana. Ukaniuliza, "Mdogo wangu, hii tunaiweza?" Nami, msaidizi wa sheria niliyekuwa nimetoka kuwarudisha kazini vibarua watatu wa kiwanda cha kuchambua pamba, nikacheka. "Hii nyepesi, kaka. Kunywa chai."

Nikakupeleka kwenye usuluhishi wa kazi, kulekule nilikowapeleka vibarua. Mawakili wa serikali hawakugusa hata habari za msiba. Walisema mtumishi wa umma huanza rufaa yake ndani ya utumishi wenyewe, na kwamba serikali haishtakiwi kama mwenye kiwanda. Shauri likatupwa. Tulipokimbilia kwenye rufaa, siku zilikuwa zimekwisha.

Nje ukaniuliza, "Wamesemaje?" Nikakujibu, "Serikali ina kinga yake, kaka. Haishindiki."

Ukaamini. Ukarudi kulima pamba, tukakuzika ukiwa bado unaitwa mtoro.

Kosa lilikuwa langu. Sheria ile ilikuwa kabatini mwangu, sikuifungua. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nakuogopa, kaka, na papo hapo nakutamani urudi hata unigombeze. Shemeji akinikuta sokoni Bariadi hunishukuru: "Wabeja, shemeji. Ulimpigania mume wangu." Huwa natazama viatu vyangu.

Kesho ni misa yako ya kumbukumbu. Ameniomba nisimame niwaeleze watu nilivyokupigania. Nimekubali. Nitasimama mbele yake na wanao, niseme hukuwa mtoro. Kisha nitasema kesi yako niliiua mimi, nikakudanganya hadi ukaingia kaburini.

Asiponiita tena shemeji, sitamlaumu.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako uliyemwamini