Dumu Lililorudi Tupu

Murungu, Kibondo
3 Juni 2014

Kwako pacha wangu wa kitanda cha juu bwenini,

Wapelekee wazazi shikamoo yangu. Hali yako? Huku sote wazima, isipokuwa mbuzi mmoja anayechechemea.

Kampuni ya barabara imeacha karavani kwenye migomba yetu, ile nyumba ya magurudumu wanayolala mafundi wakiwa kazini. Ina vitanda vinne, jiko na dirisha lenye pazia. Mlinzi wake ni mjomba Makarius. Amekubali tulale humo siku nne, mimi, wewe na Recho wa darasani kwetu, tukijipikia kama watalii. Njoo tarehe 21. Mwambie baba yako mama atakuwa karibu muda wote.

Pacha wako wa chini,
Generosa


Kasulu
9 Juni 2014

Pacha,

Salamu zimefika, na baba anasema marahaba. Mguu wa mbuzi unaendeleaje?

Nilimwomba ruhusa dukani, wakati hana wateja. Akauliza, "Murungu? Si ndiko wanakopika pombe ya ndizi kila nyumba?" Nikajibu kwamba mama yako anapika ya kuuza, sisi hatupewi. Akasema, "Mimi sina ugomvi na watu wa pombe, nawauzia sukari. Lakini tone likiingia kinywani mwako, au humu nyumbani, utahamia Tanga ukasome kwa shangazi yako."

Sitaki Tanga. Niahidi.

Pacha wako wa juu,
Asmahani


Murungu
2 Julai 2014

Pacha wangu,

Ramadhani njema kwenu nyote. Saumu inakwendaje? Mguu wa mbuzi umepona.

Karavani imefungwa tangu uondoke. Recho bado anakucheka ulivyopiga kelele karavani ilipotikisika, "Jamani, tunaondoka!", kumbe ni mbuzi alikuwa anajikuna kwenye gurudumu.

Jana konda wa basi alileta dumu la mama, lile la maji ya ndizi tuliyokukamulia asubuhi ya safari. Limeoshwa na kufungwa vizuri, ila ndani hamna kitu, na barua hakuna. Kwetu chombo cha zawadi hakirudi kitupu, hata kama ni chumvi kidogo inatiwa. Anayekirudisha hivyo amekata undugu. Mama alilitikisa, akalitundika. Alisema tu, "Labda kwao si hivyo."

Ni hivyo?

Pacha wako wa chini,
Generosa


Kasulu
4 Julai 2014

Generosa,

Sijambo. Kwetu nako ni hivyo.

Maji yalikuwa matamu mno. Niliyaonja kwenye basi, nikaona niyaweke stoo hadi futari ya kwanza, baba awakaribishe wageni. Jumapili akalifungua dumu mwenyewe mbele ya shehe na majirani. Kifuniko kiliruka kikatua kwenye uji. Povu likamwagika mkekani, harufu ya pombe ikajaa sebule. Jirani yetu Mzee Khatibu akamwambia baba, "Hilali, futari ya kwako ina mambo!" Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Anaamini mlinipa pombe, nami nikaileta nikijua; ndiye aliyewarudishia dumu tupu. Ameshampigia shangazi simu. Shule ikifunguliwa naenda Tanga.

Usiandike tena. Barua zinapitia dukani kwake.

Asmahani


Murungu
6 Julai 2014

Asmahani,

Shikamoo Mzee Hilali, kwa kuwa najua barua hii utaifungua wewe kwanza. Poleni na saumu.

Maji ya ndizi hunywewa siku ileile. Yakikaa yanachacha yenyewe, bila mtu kuyagusa. Huku hata mtoto anajua, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kumwambia Asmahani. Hakukudanganya, Mzee, na sisi hatukuvunja ahadi.

Nimemsomea mama barua yake. Sasa hivi anachagua ndizi zilizoiva na kufunga majani ya kukamulia. Ameuliza basi la kesho linapita saa ngapi.

Pacha wako wa chini, mpaka wewe mwenyewe useme vingine,
Generosa


Kasulu
11 Julai 2014

Pacha,

Natumaini mama yako amepumzika. Alipofika hapa alitandika majani ya mgomba uani, akazikanda ndizi mbele ya baba. Baba alisimama mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Hamira umetia?"

"Hamira ya nini, Mzee? Napika maandazi?"

Jioni tulifuturu kwa maji yale. Baba aliongeza bilauri ya pili. Kabla ya kuondoka kesho yake, mama yako alimwachia chupa moja ya maji hayo. "Hii usinywe. Ukishafuturu, ifungue kidogo, unuse."

Siku ya kwanza baba alisema, "Ndizi." Ya pili alinusa mara mbili. Jana kifuniko kilipiga mlio, akanusa, akakunja uso, akaenda kuimwaga kwenye mpapai. Kisha akapiga simu Tanga. Nilimsikia: "Hapana dada, haji. Kosa lilikuwa la ndizi."

Mama yako aliliacha dumu lake mlangoni, wala hakulitaja. Konda anawaletea pamoja na barua hii. Mlishike kwa mikono miwili, ni zito. Baba amelijaza mwenyewe mafuta ya nazi aliyoletewa na shangazi, hadi shingoni. Anasema mumwambie mama haya hayana haraka, anaweza kuyaweka stoo.

Ukitangulia kufika shule Jumatatu, usimpe mtu kitanda changu.

Pacha wako wa juu,
Asmahani