Hatua Kumi Nyuma ya Mkwe

Kinole, Morogoro
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Wilfred,

Pokea salamu za mlimani. Habari za Ufini, na mwili unaichukuliaje baridi hiyo? Kile kikohozi ulichonieleza kimekwisha? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi hutangaza mvua kabla ya redio. Mama yako Prisca ana afya tele. Jana alipalilia mananasi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na alipomaliza bado alikuwa na nguvu za kunisema mimi kaka yake kwa uvivu.

Vuli imenyesha vizuri. Wiki iliyopita tulibandua mdalasini, na sasa nyumba nzima inanukia, hata blanketi.

Ningeweza kukupigia simu, lakini kuna kifurushi, na kifurushi bila barua ni kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Barua yako niliipokea tarehe 9 Oktoba na nimeisoma mara nne. Umeniambia baba yake Kaisa amekualika tena kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda, Januari ikifika, nawe unakusudia kukataa. Umenieleza ya mwaka jana: mlikwenda wawili tu, mkaanza kutembea juu ya barafu, na mara mzee akageuka, akakupigia kelele na kukupungia mkono kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Lugha yake huijui vizuri, wala yeye haijui yako. Ukarudi ufukoni, ukakaa ndani ya gari mpaka alipomaliza. Kaisa ukamwambia uliumwa tumbo. Tangu siku hiyo hujathubutu kutaja ndoa katika nyumba ile. Uliandika, "Mjomba, mtu aliyekufukuza mkiwa wawili tu, utamwomba binti vipi?"

Maneno hayo yalinikosesha raha. Kwetu posa ni kazi ya mjomba, nami siwezi kufika huko. Nikasema basi, angalau nimwandalie kijana vifaa, asiende mikono mitupu akibadili mawazo.

Nilianza vibaya. Tarehe 14 Oktoba nilikata mwanzi mzuri kule bondeni, nikaunyoosha kwa moto, ukawa ufito wa kuvulia wa futi kumi na moja. Niliona fahari sana. Kisha nikachonga vishikio viwili vya mti wa mpera, nikamwomba mhunzi avitie misumari mifupi yenye ncha kali. Nilisoma kwamba mtu akitumbukia, huchoma barafu kwa vitu hivyo viwili na kujivuta mpaka atoke.

Lakini mpera ukikutana na baridi kali haupasuki? Hilo sikulijua, na mimi sipendi kukisia. Nikavipeleka kwa Mikidadi muuza samaki, ambaye ana friji kubwa la kugandisha, na ambaye, kama unavyomkumbuka, ni mtani wetu. Nilimwomba aviweke siku tatu.

"Mzee Alois," akasema, wateja wote wakisikia, "Waluguru mmechoka mlima, sasa mnahamia kwenye friji?"

Nikamwambia nahamia kwake kwa sababu samaki wake hawanuki tena, wamesahau hata kwamba walikufa. Akacheka, akaviweka. Siku ya nne tulivitoa pamoja, nikavigonga kwenye jiwe mara ishirini. Havikupasuka. Nimeandika katika shajara, tarehe 2 Novemba. Mikono yangu mwenyewe niliijaribu pia humo ndani, nikiwa nimevaa glavu za pamba. Dakika sita, vidole havikusikia tena kitu. Kwa hiyo pamba usivae, mwanangu, wala soksi za pamba. Vaa sufu, na jozi ya pili iwe kavu ndani ya koti.

Tarehe 11 niliteremka mjini mpaka Mazimbu, kwa Mwalimu Deogratias, ambaye alisoma huko Ufini miaka mitatu na anarudi tena Desemba kwa kazi. Alipouona ule mwanzi alikaa chini kwa kicheko.

"Mzee wangu, huyo samaki yuko chini ya miguu yako! Unatoboa tundu, unasimama juu yake. Ufito wenyewe ni mfupi kama mwiko."

Basi mwanzi umebaki kuwa mti wa kuanikia nguo, na mama yako anausifu. Nimekuchongea mwingine wa urefu wa mkono.

Nilipomsimulia kisa chako, Mwalimu aliacha kucheka. Akaniuliza jambo ambalo mimi sikufikiri kuuliza: kijana alikuwa akitembeaje? Nikamjibu kwamba wewe umelelewa. Unakwenda na mkwe, kwa hiyo unamfuata nyuma, karibu, unakanyaga alipokanyaga, humpiti wala huachani naye. Ndivyo nilivyokufundisha mwenyewe, na uliandika kwamba ndivyo ulivyofanya.

"Hapo ndipo penye tatizo," akasema. "Barafu hubeba mtu mmoja. Ukimsogelea mwenzako, uzito wa wawili unakuwa mahali pamoja. Mzee anatangulia na mtaimbo, anagonga kila hatua asikie kama chini ni kugumu. Wa nyuma anatakiwa kuachana naye hatua kumi. Yeye akizama, wewe ubaki juu umvute."

Wilfred, hapo ndipo nilipoelewa. Mzee yule hakukufukuza. Alikuwa akikuambia simama mbali, usife pamoja nami. Na mimi ndiye niliyekutuma ukanyage nyayo zake. Adabu niliyokupa ni ya njia ya mlima, na huko hakuna mlima. Unisamehe.

Nilirudi nikamweleza mama yako. Unajua alikuwa amekataa katakata usikanyage ziwa hilo. Kauli yake ilikuwa moja: "Maji yaliyofunga mdomo hayajaacha kula." Safari hii alisikiliza huku akifunga mafungu ya mdalasini.

"Kwa hiyo mzee wa watu alimpigia kelele mwanangu asizame?"

"Ndiyo, dada."

"Na mwanangu akanuna ndani ya gari?"

"Ndiyo."

"Huyo mzee ni mzazi. Huyu wetu ndiye wa kuchapwa. Mwambie aende, na aombe radhi."

Kamba inayounganisha vile vishikio ameisuka yeye. Ipitishe shingoni, vishikio vining'inie kifuani juu ya koti, si ndani ya mfuko. Mfuko ukilowa haufunguki. Kabla ya kwenda, fanya mazoezi nyumbani uvishike ukiwa umefumba macho. Kula uji mzito asubuhi ile. Na mwachie mzee hatua kumi. Huko ndiko kumwamkia.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike Jumapili badala ya kupumzika. Barua ya posa nimekwisha kuiandika, kwa jina la ukoo wa mama yako, na imo katika bahasha yake. Si kazi yako kuibeba. Mwalimu Deogratias atakuwa mshenga wetu. Lugha yao anaiongea, na atakaa mji usio mbali na wako mpaka Februari. Nimemwambia asigonge mlango wa mzee mpaka umpigie simu na kusema, "Nimerudi ufukoni na mzee." Hata kama hamkupata samaki hata mmoja. Usipopiga, atairudisha Kinole nami nitaipokea bila kukulaumu. Ila ujue kwamba mama yako ameshachagua kitenge.

Mkeo mtarajiwa Kaisa msalimie sana. Shangazi Felista anakusalimu, na Mikidadi anasema umletee samaki aliyegandishwa na Mungu mwenyewe, apumzishe friji lake.

Mungu aiimarishe barafu chini ya miguu yenu wawili, yake kwanza na yako hatua kumi nyuma.

Mimi mjomba wako nikupendaye,
Alois