Mume Wangu Yuko Sebuleni

Shoga, nimejitia kitanzi mwenyewe!

Nimepiga simu kampuni ya intaneti watupunguzie bili, watoe zile chaneli za mpira. Dada wa huko akasema mkataba hauvunjwi, labda mwenye jina awe amefariki.

Nikasema amefariki.

NIKASEMA AMEFARIKI! Mume wangu huyu huyu, yuko sebuleni anapiga kelele za goli! Dada akauliza nani huyo, nikasema jirani.

Akanipa pole kwa huruma kabisa. Kumbe kifurushi ni kimoja: TV, intaneti na laini yake ya simu. Akavizima vyote hapo hapo.

Nimejifungia chooni. Namsikia anatafuta viatu, eti anaenda ofisini kwao wamweleze.

Shoga, watamweleza.