Wifi Analaumiwa kwa Gundi Niliyonusa Mimi

Mpendwa mshauri, kabla sijaomba msaada acha kwanza nimshukuru wifi yangu, maana bila yeye sijui kama leo ningekuwa na mtoto, mimi ni fundi viatu, nabandika soli, na gundi nilianza kuinusa kama mchezo, kichwa kizito navuta, njaa ikiuma navuta, mimba ilipoingia nikasema nitaacha kesho, kesho haikufika, damu za pua zinanitoka nasingizia joto, mpaka wifi alipoingia karakana akanikuta nimeinamia kopo na tumbo langu la miezi sita, akaninyang'anya, akanifokea hadi nikalia, na tangu siku hiyo akawa ananisindikiza kazini na kunirudisha, sikunusa tena.

Mtoto alizaliwa njiti, anatetemeka, kunyonya kwa shida. Sasa anaongezeka uzito, namshukuru Mungu kila nikimwogesha. Lakini mama mkwe, siku ile wifi aliponifokea, alisikia kelele tu akiwa nje ya karakana, basi anamwambia wifi, "Wewe ndiye uliyemshtua mjamzito, ona mtoto anavyoshtukashtuka!" Amemkataza hata kumbeba. Wifi ananitazama tu, siri yangu hajaitoa. Nami sisemi ukweli, naogopa mume wangu ataniacha. Nifanyeje?

Mama Soli

Mama Soli, hongera ya mtoto, na pole. Pole imeisha, sasa nikuseme. Ala! Mtu amekuokoa wewe na mwanao, halafu unamshukuru kwangu huku nyumbani unamwachia lawama zako? Huo ni woga, mama, usiupambe.

Kelele hazimtetemeshi mtoto hivyo. Gundi uliyovuta ilimfikia tumboni, na huenda ndiyo iliyomfanya awahi kuzaliwa na ahangaike kunyonya. Kesho asubuhi nenda kliniki, mwambie muuguzi yote bila kupunguza, ili wajue cha kuangalia anavyokua. Hamu ikikurudia, iseme hapohapo, usione haya, wanaosaidiwa ni wengi. Na kazi ya kushika gundi achana nayo: mwombe mwenye karakana akupe kukata ngozi au kushona, tena penye hewa.

Mumeo? Mwambie leo, wifi akiwa kando yako. Atakasirika, na ana haki, mwache akasirike. Kuacha gundi ulishaweza, mwanamke wewe, na hilo nalo mwambie. Kisha mwiteni mama mkwe, asikie kwa kinywa chako, si cha jirani.

Ukishamaliza, usingoje ruhusa ya mtu. Mnyanyue mtoto, mpe shangazi yake ampakate.